Amplifaya ya Taa Niliyompelekea Baba Mkwe

Jamani, habari hii mimi nilikuwaga siisimulii. Mke wangu ndiye huianzisha, tukiwa na wageni, sahani zikishaondolewa, anasema tu, "Baba Wambura, hebu waambie ile ya amplifaya," na mimi hapo hapo najifanya nimesikia mtu ananiita nje. Leo naisema mwenyewe, yote, nione kama aibu ikitoka kwenye mdomo wa mwenye nayo inapungua ukali. Sidhani, lakini kaeni vizuri.

Ilikuwa miaka ile bidhaa zimeanza kurudi madukani. Tulikuwa tumetoka kwenye kipindi kibaya, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, betri za redio ndiyo usiseme, halafu ghafla wafanyabiashara wakaruhusiwa kuleta vitu, ukipita Musoma mjini unaona madirisha ya maduka yana vitu mpaka unasimama bila kujijua. Mimi nilikuwa na kibanda changu cha spea za baiskeli pale Bunda, karibu na stendi, na mambo yakaanza kuninyookea kidogo, nikasema sasa naoa. Mchumba alikuwa Nyangeta, binti wa Butiama aliyekuwa anafundisha shule ya msingi kule Guta, mtu wa maneno machache (wakati ule, siku hizi tuyaache).

Mshenga wangu alikuwa baba mkubwa, Mzee Kisyeri. Alikwenda Butiama, akarudi amekunja uso. Mambo ya ng'ombe yalikwisha vizuri, akasema, lakini kwenye zawadi ya baba wa binti, pale ambapo kila mtu hupeleka koti na blanketi akamaliza, Mzee Wambura (ndiye mwanangu alikuja kupewa jina lake) alikataa katakata.

"Koti analo," baba mkubwa akaniambia. "Anataka redio. Kubwa, ya umeme. Anasema amechoka kuanika betri."

Hapo lazima niwaeleze, maana bila hili hamtaona uzito wake. Mzee Wambura alikuwa na kiredio chake cha betri, na betri zikichoka anazipanga juu ya bati zipate jua, zikipata nguvu kidogo anazirudisha, ili tu asikie matangazo ya vifo ya mchana kwenye redio ya taifa. Ile miaka ya shida ndugu yake wa tumbo moja alifia mbali, kifo kikatangazwa redioni, na siku hiyo betri zilikuwa zimelala kabisa na dukani hakuna. Mzee alikuja kupata habari kaburi limeshaota majani. Tangu hapo kwake redio haikuwa starehe. Ndiyo maana salamu alizonitumia zilikuwa fupi: "Mwambie huyo kijana, kama ni redio ya kukatikakatika asije. Na binti abaki."

Kwa hiyo redio ndiyo ilikuwa ndoa yangu. Mimi nikaamua nisipeleke redio ya kawaida, nipeleke muziki. Nilikuwa na spika nne nilizozipata kwenye basi moja lililokufa, na nikanunua mitungi minne ya udongo kwa akina mama wa sokoni Bunda, kwa sababu enzi zile muziki ambao hautoki kwenye mtungi haukuwa muziki. Unailaza spika kwenye mdomo wa mtungi, waya unapita kwenye kitundu ubavuni, basi lile besi linatoka tumboni mwa mtungi linakugonga kifuani mpaka unashika shati. Kilichobaki kilikuwa amplifaya, ile ya nyumbani yenye redio na kaseti humo humo. Nikabeba spika moja ya mfano nikaenda Musoma kwa Bwana Hemedi, mwenye duka la redio.

Bwana Hemedi aliigeuza spika akasoma mgongoni. "Hii ya gari, kipimo chake cha umeme omu nne. Unazo ngapi?"

"Nne kama hiyo. Nataka zilie zote kwa pamoja, Butiama nzima isikie."

Akainama chini ya kaunta akatoa mashine moja nyeusi, nzito, imekwaruzwa pande zote, iliyokuwa inapiga klabuni huko nyuma. Haina urembo wowote, taa moja tu ndogo nyekundu. "Chukua hii, redio imo humo humo. Hii inabeba omu nne, na chini ya hapo inavumilia. Mbaya wa sura lakini haichoki."

Mimi wakati huo simsikii, macho yako rafuni. Pale rafuni palikuwa na nyingine, ya rangi ya fedha, nyembamba, mpya, ina mstari wa taa za kijani na nyekundu zinapanda na kushuka kufuata sauti, yaani muziki unauona kabla hujausikia. Nikamwuliza, na ile je?

"Ile nzuri, ya sebuleni kwa mtu na spika zake mbili. Lakini soma nyuma, inataka omu nane kwenda juu. Zako nne."

Sasa oneni akili yangu. Nikamwuliza Bwana Hemedi, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwenzake, "Nane na nne, ipi kubwa?"

"Nane."

"Sasa mashine inayoweza nane itashindwaje nne?" (Mimi ni mtu wa baiskeli, keria inayobeba magunia mawili inabeba moja huku inapiga mluzi.)

Bwana Hemedi akavua miwani. "Mdogo wangu, kwenye spika hesabu inageuka. Namba ikiwa ndogo ndiyo spika inakunywa umeme zaidi. Na ukizifunga kwa pamoja ndiyo kabisa. Ng'ombe wenye kiu wote kwenye kisima kimoja, kisima kitabaki?"

Nikacheka. Nikasema moyoni, mzee huyu anataka kunisukumia mzigo wake wa klabuni. Nikalipia ile ya taa. Alipokuwa anaifunga kwenye boksi bado alikuwa anasema, basi usiifungulie sana, na usiifunike, iache ipumue, na mimi nikamjibu "sawa sawa" ile ya mtu aliyeshaondoka. Kule Bunda niliijaribu kibandani kwa spika mbili na sauti ya chini, taa zikacheza, watu wakajaa mpaka barabarani, nikawa natembea kama diwani.

Siku yenyewe ikafika. Tulikodi Landrova, mashangazi wamepakata mitungi mapajani kama watoto wachanga, baba mkubwa mbele na kofia yake, tukaingia Butiama jua limepanda. Uani wamejaa watu, wazee wa ukoo wamekaa kwenye viti, akina mama upande wa jikoni. Nyumba ya Mzee Wambura ilikuwa ya tofali na ina umeme, ila soketi ilikuwa moja tu nyumba nzima, nayo iko chumbani kwake na mkewe, ya pasi.

Na hapa nyie msiotoka Mara msikilize vizuri. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Humshiki mkono, humtazami usoni, akija njia hii wewe unapita ile, na chumbani kwake hata kivuli chako hakiingii. Mimi mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kusikia hata sauti yake. Kwa hiyo waya aliuingiza shemeji yangu, mdogo wake Nyangeta, akaupitisha chini ya pazia la chumba, na kwa kuwa ni binti mwenye akili akaufunga kwenye mguu wa kitanda ili mtu akijikwaa usichomoke. Akili hiyo ndiyo ilikuja kunimaliza.

Nikapanga mitungi minne barazani, nikafunga spika zote, mbili kulia na mbili kushoto, nikatia kaseti, nikawasha. Jamani! Lile besi lilipotoka, kuku walikimbilia migombani. Wazee walicheka. Mzee Wambura, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu, alikuwa anazitazama zile taa na mdomo wazi, akamwambia baba mkubwa, "Kijana amejitahidi huyu." Nikamtafuta Nyangeta kwa macho, nikamwona amesimama mlangoni kwa jikoni, ameinua mabega kwa furaha. Sijawahi kujisikia mwanaume kama dakika zile.

Mara akaja shangazi yake Nyangeta amebeba kitambaa cha kufuma, kizito, cheupe chenye maua mekundu, kimeshonwa kwa mkono. "Mama anasema amekifuma tangu aliposikia redio inakuja. Anasema chombo kama hiki hakikai uchi mbele ya watu." Akakitandika juu ya amplifaya, kikashuka pande zote mpaka chini.

Nilimkumbuka Bwana Hemedi, nisiseme uongo. Usiifunike, iache ipumue. Lakini niambieni nyie, nani angekataa kitambaa cha mama mkwe mbele ya wazee wote wale? Mimi mwenyewe nilikinyoosha kona zikae sawa.

Haikupita muda, vijana wako katikati ya kucheza, vumbi linapanda, tak! Kimya. Taa zimezimika. Watu wakabaki na mguu mmoja hewani. Nikasema kwa sauti, "Umeme wa huku huu!" (balbu ya barazani inawaka pale pale juu ya kichwa changu). Wakakaa, ukaletwa ugali na samaki, mzee mmoja wa kanisa akaombwa abariki chakula, akavua kofia, kila mtu akainamisha kichwa, na alipofika pale pa kuwaombea marehemu wa ukoo, tak! Ikarudi yenyewe, kwa sauti ile ile ya kuchezea, mitungi yote minne. Mama mmoja aliangusha bakuli. Mzee wa kanisa aliruka mpaka akanishika mimi. Nikapiga magoti nikapunguza sauti, mkono wangu ukagusa kile kitambaa, nikahisi joto lake, nikaelewa kwamba ikizidiwa na joto inajizima, ikipoa kidogo inajiwasha. Nikasema itapoa. Itapoaje, imefunikwa blanketi mchana wa jua?

Halafu Mzee Wambura akatazama saa yake akasimama. "Matangazo ya vifo. Weka redio."

Nikaweka redio. Akasema ongeza, wazee wa nyuma hawasikii. Nikaongeza. Akasema ongeza tena, na mimi nikaongeza mpaka mwisho, maana ndiyo saa aliyoingojea tangu kaburi la ndugu yake. Mtangazaji akaanza na sauti yake ile ya taratibu, mtu wa huku amefariki, wa kule amefariki, wazee wanatikisa vichwa. Kisha likaja hili, nalisikia mpaka leo:

"Ndugu Chacha Wambura anasikitika kutangaza kifo cha..."

Tak.

Chacha Wambura ni jina la kifungua mimba wa Mzee Wambura, aliyekuwa anafanya kazi Dar es Salaam. Watu wote waliitazama amplifaya kama vile itamalizia. Mzee aliiendea amenyoosha mikono, akasema polepole, "Kifo cha nani?" Akaniangalia mimi. "Kijana. Kifo cha nani?" Na kule jikoni mama mmoja akapasua yowe, na yowe la msiba mnalijua, likitoka moja halitoki peke yake. Uwanja wote ukalipuka. Nyangeta alikuwa amekaa chini ameshika kichwa, anaita, "Kaka Chacha! Mke wake! Watoto wake!"

Nikaona moshi. Moshi mweupe unapenya kwenye yale maua mekundu ya kitambaa. Nikakivuta nikakitupa, mashine inanuka plastiki inayoungua, nikashika waya nichomoe, nikavuta, hauji. Nikavuta kwa nguvu zote, hauji! Mguu wa kitanda! Na nyumba hii ina dari ya mbao. Nikaona kwa macho yangu nyumba ya baba mkwe inateketea siku ya zawadi yake, basi sikufikiri tena, niliufuata ule waya mbio, nikapita sebuleni, nikapita pazia, nikaingia, nikapiga mbizi kwenye soketi, nikachomoa.

Nikainua uso.

Mama mkwe alikuwa amesimama kati ya kitanda na kabati. Alikuwa ameingia kubadilisha, avae kitenge kipya tulichomletea sisi, atoke kutushukuru. Kitenge kilikuwa bado mkononi. Sitaeleza zaidi ya hapo. Machozi yalikuwa yanamtoka, maana alikuwa amelisikia jina la mwanawe kama sisi wote, na akanitazama usoni, mimi mkwe wake, nimepiga magoti chini na plagi mkononi, akaniambia maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia maishani.

"Ni nani aliyekufa?"

Na mimi nikamjibu, "Ni amplifaya, mama."

Naapa sikufanya utani. Ndicho nilichokuwa nakijua. Hapo ndipo yeye alipoona anaongea na nani, na amevaa nini, akapiga ukelele ambao uliyazima mayowe yote ya nje. Mimi nikafunga macho, nikapapasa, nikashika nguo ya kwanza iliyokuwa inaning'inia, nikajifunika kichwa chote ili ajue kwamba sioni kitu, nikatoka mkuku hivyo hivyo kipofu, nikajigonga mlangoni, nikatokea barazani, nikaukanyaga mtungi wa kwanza, nikaanguka nao, ukapasuka chini yangu.

Nikaitoa ile nguo kichwani polepole. Nilidhani ni kanga. Lilikuwa gagulo. Gagulo la mama mkwe, la kuvaa ndani ya gauni, lenye lesi chini, nimetoka nalo chumbani kwake nimelivaa kichwani mbele ya wazee wa ukoo, baba mkubwa, mashangazi zangu, na mzee wa kanisa. Baba mkubwa Kisyeri, ambaye alikuwa mshenga wa watu wengi kabla yangu, alishusha kofia yake mpaka kwenye pua.

Aliyeokoa hali ni mama mmoja wa jirani, aliyekuja mbio kwenye ua wa minyaa na kiredio chake kidogo mkononi, anapiga kelele, "Nyamazeni! Si Chacha wenu! Ni Chacha mwingine, wa Tarime, amefiwa na bibi yake! Mnalilia bibi wa watu!" Alirudia mara ya pili ndipo wakaelewa. Mzee Wambura alikaa kwenye kiti kama mtu aliyekatwa kamba, akajifuta uso kwa kiganja. Akaitazama amplifaya inayofuka moshi. Akanitazama mimi, na gagulo.

"Niliomba redio," akasema. "Nimeletewa jiko."

Hakuna aliyecheka. Wazee walisogea pembeni, wakaongea kwa kilugha kwa sauti ya chini, nami nimekaa kwenye vigae vya mtungi sithubutu kujisogeza. Waliporudi, mzungumzaji wao alimwambia baba mkubwa kwamba mkwe aliyeingia chumbani kwa mama mkwe hawezi kuendelea na mazungumzo ya ndoa hivi hivi. Alete kondoo wa kuondoa aibu. Na redio, akasema, maana hiyo waliyoiona hawakuiita redio. Vikikosekana, binti abaki kwao. Tukarudi Bunda, na Landrova ilipopita kwenye mashimo mashangazi waligeukia dirishani, mabega yanatikisika, na hawakuwa wanalia.

Nilirudi Musoma nimebeba ile maiti kwenye boksi lake. Bwana Hemedi aliinusa tu, hakusema "nilikwambia", afadhali angesema. Ile nyeusi ya klabuni bado ilikuwa chini ya kaunta. Nikaibeba pamoja na kondoo, na ile maiti ambayo Bwana Hemedi hakuitaka, mpaka Butiama, safari hii na spika moja tu, bila mtungi, na mchana ule ilisoma vifo vyote mwanzo mpaka mwisho bila kukohoa, Mzee Wambura ameketi mbele yake na mikono magotini. Ilipomaliza akasema, "Haya, mchukue." Nyangeta tulipokuwa njiani ndipo alipofungua mdomo. "Uliona taa," akaniambia. "Nyie wanaume mkionaga taa, basi."

Tangu siku hiyo mimi kitu chochote chenye taa za kuchezacheza sikigusi. Nikienda dukani nauliza, nikijibiwa nauliza tena, na muuzaji akisema usifunike, sifuniki hata kama kitambaa kimetoka mbinguni. Ile ya fedha iko Butiama mpaka leo, Mzee alikataza isitupwe, ndiyo kiti cha ile nyeusi, na kitambaa cha maua mekundu kimekunjwa chini kabisa, kina alama ya kuungua katikati.

Na mama mkwe, heshima yetu ipo pale pale, hatutazamani, hatusogeleani. Nikifika kwao nakohoa tangu barabarani, nakohoa getini, nakohoa uani, mpaka watu hudhani nina ugonjwa wa kifua. Naye akinisikia hutokea mlango wa nyuma, anaelekea jikoni bila kugeuka, na kabla hajaingia anawaambia wajukuu kwa sauti ya kutosha kabisa mimi kusikia:

"Hebu muulizeni baba yenu, leo nani amekufa?"